Mawe ya Marshalltown Niliyoyaosha

Siku ile pale Marshalltown, Johannesburg, tulikuwa watu sita. Mzee Dario, mwenye kazi, fundi wa mawe aliyezaliwa katika mji wa Venzone, kaskazini mwa Italia. Salvator, Mrundi wa Bujumbura, mwashi mwenzangu. Hamisi wa Tanga, seremala. Mandla wa Soweto, aliyeshika winchi. Mama Dudu, aliyekuwa akiuza magwinya, yale maandazi ya huku, nje ya uzio wetu wa mabati. Na mimi, Byamungu, kutoka Bukavu.

Salvator alikufa siku hiyohiyo. Mzee Dario, Hamisi na Mama Dudu walikufa baadaye, kila mmoja kwa wakati wake. Tumebaki wawili, mimi na Mandla.

Nawaandikia nyinyi mliojifunza kazi kwangu, na wengine mnaokuja kwangu La Rochelle, kusini mwa jiji hilihili, kuulizia kama bado nachukua wanafunzi. Sichukui tena. Mapafu yangu yamejaa vumbi la mawe, daktari amenionyesha kwenye picha, na nikipanda ngazi za chumba changu napumzika mara mbili njiani. Mmezoea kunisikia nikiwatania. Leo utani ni kidogo. Jumamosi tunafunua jiwe la kaburi la Salvator, kama ilivyo desturi ya huku, na nimetakiwa nisimame niseme jinsi alivyokufa. Watu wote wanaamini aliuawa na uzembe wa Mzee Dario. Uzembe ulikuwa wangu, na baada ya uzembe ukaja uongo, ambao pia ulikuwa wangu. Nataka nyinyi mjue kabla ya Jumamosi, maana ni nyinyi mnaobaki na nyundo.

Niliacha shule darasa la tano. Baba alitangulia, mama akamfuata mwaka uliofuata, na mimi nikiwa mkubwa nikabaki na wadogo wanne. Nilibeba matofali Bukavu, nikabeba mchanga Lubumbashi, na vita ilipotusukuma mbali zaidi tukafika Johannesburg sote watano, tukapanga chumba kimoja. Karakana ya Mzee Dario ilikuwa mtaa wa pili. Nilikwenda kubisha hapo kwa sababu nilikuwa sina nauli ya kwenda kubisha pengine.

Aliniangalia mikono. Akauliza, "Nyumbani kwako wanakula wangapi?"

"Watano, Mzee, pamoja na mimi."

"Basi usichelewe."

Tulizungumza naye Kiingereza kilichochanganyika na Kizulu. Hapa nayaandika maneno yake kwa Kiswahili. Kazi yake ya kwanza kunipa ilikuwa nyundo ndogo na rundo la mawe. "Gonga, usikilize," akasema, akaenda zake. Niligonga siku nzima. Niliona mzee huyu ana kichaa, na mimi nina kichaa zaidi kumtii. Salvator alipita na toroli akacheka.

"Sha, yanasema nini? Yamekuuliza habari za nyumbani?"

"Yanauliza wewe utaacha lini kucheka."

Siku ya tatu nikaanza kusikia. Jiwe zima linalia kama kengele ya shule. Lililopasuka ndani, hata kama ufa hauonekani, linajibu kama ubao mkavu. Ijumaa Mzee alinipangia mawe kumi, nikamtolea matatu mabovu. Hakusema hongera. Alinipa aproni. Mpaka leo nikimwona fundi ananunua jiwe kwa kulitazama tu, namhurumia aliyempa kazi.

Kosa langu la kwanza lilikuwa ngazi ya nyumba moja kule Rosettenville. Jiwe la mchanga lina matabaka, kama kitabu kilichofungwa, na lazima ulilaze jinsi lilivyolala ardhini. Mimi niliyasimamisha, kwa sababu yalipendeza zaidi. Baada ya misimu miwili ya mvua ngazi ilianza kumenyuka kama kitunguu. Mzee hakugomba. Karakana yake ilikuwa na desturi moja: aliyekosea ndiye anayekwenda kubisha mlango wa mwenye mali na kusema, "Ni mimi." Halafu Mzee analipia jiwe jipya, na aliyekosea analichonga. Nilikwenda, nikabisha, nikasema. Yule mama mwenye nyumba alinipa juisi. Nilirudi nimelowa jasho, Hamisi akaniuliza kama nimetoka kuposa.

Nawaeleza hili ili msiseme sikuifahamu desturi. Niliifahamu vizuri.

Saa za chakula ndizo zilizotufanya kuwa watu wa nyumba moja. Siku niliyomwona Mzee akila kwa mara ya kwanza nilishangaa. Alifungua bakuli, ndani mna ugali wa mahindi ya manjano, umekatwa vipande kama sabuni.

"Mzee, huo bugali umeutoa wapi?" nikamwuliza.

"Polenta," akasema. "Ya kwetu."

Hamisi akaweka kijiko chini. "Kwenu wapi, bwana? Huo ni ugali uliolala."

"Hiyo ni pap," akasema Mandla. "Imekaa tu kwenye friji."

"Jamani," akasema Salvator, "hata hii wametuchukulia?"

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Akatuambia kuwa bibi yake alikuwa akiumwaga ugali kwenye ubao na kuukata kwa uzi. Hamisi hakuamini, akaenda kuchukua uzi wake wa kupimia, wenye chaki ya buluu, na siku hiyo tulikula ugali wenye mistari.

Ndipo alipoanza kutusimulia mji wake. Venzone ni mji mdogo, alisema, unaweza kuuzunguka wote kabla kahawa yako haijapoa. Uko kwenye bonde jembamba kati ya milima, karibu na mto mpana wa kokoto nyeupe. Zamani sana wafanyabiashara waliotoka Italia kwenda nchi za kaskazini walipita hapo, wakalala hapo, wakalipa ushuru hapo. Mji ukapata mali, ukajizungushia ukuta, na handaki, na ukuta mwingine tena. Ukajenga kanisa la Mtakatifu Andrea, kubwa kuliko mji wenyewe ulivyohitaji. Kando ya kanisa walihifadhi miili ya watu wa kale ambayo ilikauka makaburini yenyewe, bila dawa, na wenyeji hawakuiogopa. Ilikuwa kama wazee wa mtaa.

"Mlikuwa mnaiamkia?" Salvator akauliza.

"Bibi yangu alikuwa akiiamkia."

"Kwetu mngeitiwa padri!"

"Padri ndiye aliyekuwa na ufunguo," Mzee akajibu.

Kisha ardhi ikatetemeka, mwaka mmoja, mara mbili. Mara ya kwanza, baridi ilipokuwa imekwisha, nyumba nyingi zilianguka na mama yake Mzee akafa ndani ya yao. Kanisa lilipasuka lakini likasimama, watu wakaanza kulishikilia kwa mbao. Mara ya pili, kabla baridi haijarudi, likaanguka. Yakaletwa matingatinga ya kusafisha. Wapo wenyeji waliosimama mbele yake wakakataa. Walisema hizi si taka, huu ni mji wetu, umelala tu chini.

Mawe ya kanisa yakabebwa mpaka uwanjani nje ya ukuta, yakapangwa safu kwa safu juu ya majani. Kila moja likaandikwa namba, likapimwa, likalinganishwa na picha za zamani, hata picha za harusi, kwa sababu watu walipenda kupigwa picha mlangoni mwa kanisa. Mzee, wakati huo kijana anayeanza kunyoa ndevu, alipata kibarua katika uwanja ule. Mafundi wa kwao humwita anayejifunza "bocia", na yeye alituita sisi hivyo mpaka mvi zetu zikatoka.

"Niliyachukia yale mawe," alituambia. "Kila nililoliinua niliona ndilo lililomwangukia mama. Fundi wangu akanionyesha moja lenye nakshi, akasema, hili lilikuwa juu ya mlango. Mama yako alipita chini yake akiwa bibi harusi. Litafutie mahali pake."

Alilitafutia kwa wiki nyingi, na akalipata. Miaka mingi baadaye, kanisa likiwa limesimama tena, dada yake alimtumia picha. Mawe ya kale yanaonekana kwa weusi wake, mapya kwa weupe, kama shati lililotiwa viraka. Mzee aliiweka ile picha ukutani, juu ya meza ya kunolea tindo, na aliyeingia karakanani alionyeshwa kwa kidole: "Hili nililitafuta mimi."

Kutoka uwanja ule alileta namna yake ya kufanya kazi, ambayo nami nimewafundisha nyinyi. Kabla hujashusha jiwe, unaliandika namba kwa kalamu ya nta kwenye ubavu utakaofichwa na chokaa. Chini ya namba unachora kistari kinachoonyesha upande wa juu. Namba ileile unaiandika kwenye mchoro. Na unapoosha, unaosha uso peke yake, ule unaotazama barabara.

Kazi ya Marshalltown ilikuwa lango la jengo la zamani la ofisi. Ukuta ulio nyuma ya lango ulikuwa umechoka, kwa hiyo tao la mawe lilitakiwa kushushwa, ukuta uimarishwe kwa zege, kisha tao lirudishwe kama lilivyokuwa. Yalikuwa mawe kumi na tisa. Ukiyatazama yanafanana. Lakini waliolijenga walichonga kwa mkono, kila jiwe kwa ajili ya jirani yake. Hili limepunguzwa upana wa ukucha, lile limeinama kidogo kulia. Ndiyo maana tao husimama: mawe yanasukumana sawasawa. Ukibadilisha viti vyao, yanaacha kusukumana.

Tuliyashusha, tukayapeleka karakanani. Siku moja Mzee aliamka na homa, akaniambia nioshe nyuso kwa mashine ya maji moto ya presha, yeye akaenda kulala. Nilitaka apone aone kazi safi. Nikawa nayageuza mawe, naosha pande zote. Masizi ya mji ya miaka na miaka yalikuwa yanatiririka meusi, nami nafurahi, napiga mluzi. Nilipogeuza jiwe la kumi na nne, kidole gumba changu kiligusa nta laini. Nikatazama. Nikarudi kwenye yale kumi na matatu, nikayageuza moja moja. Ubavu wote ulikuwa mweupe, bila namba hata moja.

Nyumba ya Mzee ilikuwa mtaa uleule. Ningevuka barabara, ningebisha, ningesema, "Ni mimi." Nilifika mpaka kwenye geti la karakana. Nikawaza wadogo zangu wanne, na kodi, na kwamba kosa la ngazi lilikuwa la mawe manne na hili ni la lango zima la watu wakubwa. Nikarudi ndani. Nikachukua kalamu ya nta, nikayaandika upya yale kumi na matatu kwa kukumbuka. Mengine nilikumbuka kweli. Mengine nilijiambia nakumbuka.

Salvator akaja kuchota maji, akanikuta nimepiga magoti.

"Unaandika nini tena?"

"Namba zimefifia. Nazikoleza."

"Una akili, ndugu yangu," akasema, akajaza ndoo yake.

Tuliporudisha tao, Hamisi alitengeneza kalibu ya mbao ya kuyabeba mawe kutoka chini mpaka chokaa ikaze. Mawe yakapanda kwa namba zangu. Mahali pawili hayakukutana vizuri. Mzee akaingiza ncha ya kisu katika nafasi ile, akaizungusha.

"Byamungu. Nafasi hii siipendi. Namba ulizikagua?"

"Nilizikagua, Mzee."

Msimamizi wa kampuni yenye jengo alikuwa nyuma yetu anatazama saa, tulikuwa tumechelewa. Nami nikasema maneno ninayoyasikia mpaka leo nikivuta pumzi: "Chokaa itajaza." Mzee alisita, kisha akatoa kisu.

Siku ya kuondoa kalibu ilikuwa asubuhi ya jua. Mandla aliiteremsha kwa winchi, kidogo kidogo, unene wa kidole kwa mara. Kazi ya Salvator ilikuwa kusimama juu ya jukwaa na kuweka viganja vyake kwenye mawe. Ndivyo Mzee alivyotufundisha, kwamba mkono unahisi jiwe likitembea kabla ya jicho kuona. Mama Dudu alikuwa akipiga kelele nje ya uzio, akituita kwa jina ambalo huku hutukaniwa wageni, yeye kwa upendo: "Makwerekwere wangu, njooni mle! Tao lenu halina miguu, halitakimbia!"

"Tunakuja, mama!" Salvator akajibu. Akamgeukia Mandla. "Polepole, bhuti. Linakaa."

Jiwe la saba kutoka kushoto likateleza, likaenda na la nane, kisha ubao wa jukwaa, kisha yeye. Hamisi alikuwa wa kwanza kufika. Alipiga magoti, akavua kofia yake akamfunika usoni, na hapo ndipo nilipojua. Mama Dudu aliangusha ndoo. Mandla alibaki ameshika mkono wa winchi, hakuuachia mpaka tulipomfungua vidole kimoja kimoja.

Mzee Dario alikwenda kwenye jiwe la saba, akaligeuza. Akaona namba. Nta ilikuwa mpya, haina vumbi, na chini yake hapakuwa na kistari, kwa sababu kwa haraka yangu nilikuwa nimesahau kukichora. Alinitazama. Alitoa leso mfukoni, akaimwagia maji ya chupa, akasugua ile namba mpaka ikaisha. Kisha akaligeuza la nane, akafanya vilevile.

Wachunguzi walipokuja aliwaambia kuwa aliukosea mchoro. Hakusema zaidi, nami sikusema lolote. Kazi zikamkimbia. Watu aliokunywa nao kahawa miaka mingi wakawa hawapokei simu zake. Mwaka haukuisha kabla hajafunga karakana.

Lakini kabla hajaifunga aliniita. Nilimkuta amevaa aproni, ameegemea ukuta. Sakafuni alikuwa amelilaza lile tao lote, bila chokaa, mawe kumi na tisa, na hata yale yaliyovunjika alikuwa ameyaunga vipande. Kila moja limekaa. Usingeweza kuingiza unywele.

"Siku mbili na nusu," akasema.

Ni hayo tu. Hatukuzungumza tena habari hiyo mpaka alipokufa, hapahapa Johannesburg, bila kurudi kwao. Sijui kwa nini alinifichia kosa langu. Nimewahi kufikiri ni kwa ajili ya wadogo zangu. Nimewahi kufikiri kwamba aliona kosa ni lake kweli, maana ile nafasi aliigusa kwa kisu na akaiacha. Hakuniambia, na mimi sikuthubutu kuuliza. Ninachojua ni kwamba mtu aliyetoka uwanja wa Venzone alikuwa na namna ya kuyarudisha mawe yaliyopoteza namba. Unayalaza chini makavu, unalijaribu hili kwa lile, unatazama alama za tindo, unatazama masizi yalipoishia. Siku mbili na nusu. Mimi nilimnyima siku hizo mbili na nusu kwa woga wa kuvuka barabara.

Mjane wa Salvator tunamwita Mama Claudine, kwa jina la binti yao. Miaka yote hii nimekuwa mtu wa nyumba ile. Paa likivuja, ni mimi. Claudine alipoanza shule, ni mimi niliyemshika mkono. Mama Claudine huniita shemeji na kuniwekea kiti changu karibu na dirisha. Na kila mwaka siku ya Salvator inapofika, husimama kanisani na kumlaani Mtaliano kwa jina lake, nami nimeketi safu ya pili nimeinamisha kichwa. Watu walidhani nasali.

Mwaka huu Claudine, ambaye sasa anafanya kazi ofisini Sandton, alinunua jiwe la kaburi la granaiti na kuniomba nichonge jina. "Wewe ndiye rafiki yake, baba mdogo," akasema. "Na siku ya kulifunua utuambie ilivyokuwa. Mama huwa hawezi." Nilichonga herufi kwa mkono, na barakoa usoni, napumzika kila baada ya herufi mbili. Nilipofika mwisho wa jina nikajua siwezi kusimama pale na kusema uongo juu ya jiwe nililolichonga mwenyewe.

Jumapili baada ya ibada nilikwenda. Mama Claudine alikuwa anachambua maharagwe.

"Karibu, shemeji. Chai ipo."

"Nikisema nilichokuja kusema, utaona kama unanipa chai."

"Kwani umeumwa tena?"

Nikamwambia. Kuosha, kuandika, kisu cha Mzee, chokaa itajaza. Mikono yake iliendelea kuchambua mpaka nilipomaliza, kisha ikasimama.

"Miaka yote hii umekaa kwenye kiti hicho."

"Ndiyo."

"Umekula kwangu."

"Ndiyo, Mama Claudine."

"Na paa ulilitengeneza kwa sababu hiyo."

"Ndiyo."

"Basi panda ulitoe."

Nilisimama. Sijui kama alitaka nipande kweli, ningepanda. Lakini alinyanyua mkono nikakaa tena.

"Yule Mtaliano nimemlaani kwa jina mbele ya mchungaji," akasema. "Nimewafundisha na wajukuu. Sasa niambie wewe, laana inarudishwaje?"

Maharagwe mengine yalikuwa yamedondoka chini, nikainama kuyaokota, akaniambia niyaache.

"Jumamosi utasimama, utasema kama ulivyoniambia. Sitaki ufupishe. Useme kwa Kiswahili, kisha kwa Kizulu, kwa sababu wale watoto Kiswahili wanakisikia nusu nusu, na sitaki wayasikie kutoka kwangu. Chai jimiminie mwenyewe."

Sikujimiminia. Kizulu changu ni cha sokoni na cha kazini, kwa hiyo nikamwendea Mandla anirekebishie sentensi. Yeye aliacha mambo ya ujenzi zamani, ni mlinzi wa geti huko Sandton, na siku zote nilimtania kuwa anapenda kazi ya kukaa. Nilimkuta kwenye kibanda chake. Nikamsomea nilichoandika. Alisikiliza ameinamia daftari la wageni.

"Hizo namba," akasema. "Wewe ndiye uliyeziandika?"

"Mimi."

"Si winchi?"

"Winchi gani?"

Akavua kofia, akaiweka mezani. "Siku ile ilinirukia, Byamungu. Kidogo tu, meno mawili ya gia. Halafu jiwe likaja. Mzee aliposema kosa ni lake, nikajua ananificha mimi. Sijashika winchi tena maishani. Unadhani nakaa kwenye geti hili kwa kupenda?"

Kikohozi kikanishika.

"Nilikwenda kwenye kaburi la Mzee," akasema. "Mara mbili. Kumshukuru. Eish."

Gari likapiga honi. Akatoka, akafungua geti, akaandika namba ya gari, akafunga. Hakurudi ndani ya kibanda. Alisimama nje, mgongo kwangu, akasema, "Sharp. Nitakupigia," nikaelewa kwamba ananiambia niondoke.

Leo ni Alhamisi. Wanangu, mnaoweza kuja Jumamosi, njooni. Simwiti mtu kunitetea, na mkinitetea mtanikosea. Kizulu nimekiandika mwenyewe, kibovu hivyohivyo, na nimeongeza maneno kuhusu Mandla na winchi yake isiyo na hatia, nitayasema kwa lugha zote mbili. Mama Claudine ananidai hayo, na Mzee Dario ananidai, naye amelala mahali ambapo hayasikii. Mandla sijui ananidai nini hasa, wala kama kipo ninachoweza kumpa. Nimempigia jana mara tatu, na leo asubuhi. Simu inaita mpaka inakatika.